Gharama za simu ng'ambo ya mpaka zitazamwe

Nina dukuduku juu ya gharama za simu na intaneti kwa sisi wananchi tulio na nyumba ng'ambo ya mpaka. Najua wapo watakaosema kwamba mtu mwenye nyumba nchi ya pili hana haki ya kulalamika. Nawaomba wasome hadi mwisho, ndipo wanihukumu.

Mimi ni mstaafu na ninaishi Tanga. Marehemu babu yangu mzaa mama alijenga nyumba huko Msambweni, Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Sisi Wadigo hatukuulizwa mpaka ulipochorwa. Nusu ya ukoo imebaki huku na nusu iko kule. Babu alipofariki, nyumba iliangukia mikononi mwa wajukuu. Hakuna anayeishi humo isipokuwa mtunzaji mmoja. Sisi huenda wakati wa likizo ya shule mwezi Desemba, na safari nyingine siku za Idi. Ukijumlisha zote hazifiki wiki 6 kwa mwaka. Nyumba yenyewe haipangishwi, wala haituletei senti. Ni mahali ambapo watoto wanaogelea na kufahamiana na ndugu zao.

Desemba 2023 tulifika siku ya Ijumaa. Nilikuwa na laini ya Kenya niliyoisajili mwaka uliotangulia kwa pasi yangu ya kusafiria, na namba yake nilikuwa nimewaandikia jamaa wote wa Tanga ili wanipate nikiwa kule. Nilipoitia katika simu haikusoma. Wakala akanieleza kwamba laini isiyotumika kwa miezi mingi hufungwa, na namba yake hupewa mteja mwingine. Nikamwomba anisajilie nyingine. Akajibu kuwa mtambo wa kusajili una hitilafu, nirudi Jumatatu.

Jumamosi tukatumia laini zetu za nyumbani. Shilingi 30,000 zilizokuwemo katika simu ya kijana wangu zilikwisha kabla ya adhuhuri, naye alikuwa hajapiga simu hata moja. Simu yenyewe ilikuwa inavuta picha na video za makundi ya WhatsApp, huku programu nyingine zikijiongezea mambo mapya bila kuulizwa. Nikaamuru simu zote zizimwe mpaka Jumatatu. Niliona kuwa huo ni uamuzi wa busara wa mzee mwenye familia.

Jumapili alfajiri shangazi yangu alifariki dunia hapo Tanga. Ni dada yake marehemu baba, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Jamaa walipiga namba yangu ya Kenya. Akapokea mama mmoja asiyenijua, akawaambia kwa upole kuwa wamekosea, na walipopiga tena akawaambia vile vile. Walipiga namba ya Tanzania, imezimwa. Shangazi alizikwa siku ile ile baada ya sala ya Alasiri. Mimi nilipata habari baada ya Isha, kijana alipowasha simu yake ili anunue kifurushi kidogo. Kutoka Msambweni hadi Tanga ni mwendo wa asubuhi moja tu, pamoja na kugongewa mihuri Lunga Lunga na Horohoro. Ningewahi mazishi na bado ningepata muda wa kutawadha kwa utulivu.

Ndugu Mhariri, simlaumu yule mama aliyepewa namba yangu, kwani yeye alinunua laini yake kwa haki. Wala simlaumu wakala. Ninachouliza ni hiki: je, huduma hizi zimetengenezwa kwa ajili ya nani? Nionavyo mimi zimetengenezwa kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenyeji, ambaye laini yake haikauki kwa kuwa anaitumia kila siku. Wa pili ni mtalii, ambaye anakuja mara moja, analipa bei kubwa, anaondoka na hawaoni tena. Mtu aliye na nyumba lakini si mkazi hakukumbukwa. Akitaka intaneti ya nyumbani anaambiwa alipe kila mwezi, yaani alipe miezi 12 kwa matumizi ya wiki 6. Akinunua laini, mwakani itakuwa imekufa. Akitumia laini ya kwao, inamla.

Wengine watadhani kuwa jambo hili ni la ufundi na haliwezekani. Mimi niliajiriwa nikiwa kijana katika Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, nikakaa kwenye mtambo wa kuunganisha simu mpaka Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977. Sisemi kuwa siku zile simu zilikuwa rahisi. Uliandikisha simu yako ya mbali, ukangoja, na pengine ukarudi nyumbani bila kuongea. Lakini Tanga na Mombasa zilihudumiwa na shirika moja, na sisi kwenye mtambo hatukumwona mtu wa Mombasa kuwa mgeni.

Hata baada ya simu za mkononi kuingia, sisi Waafrika ya Mashariki hatukuwa nyuma. Mwezi Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha wateja wake wa Tanzania, Kenya na Uganda. Mteja alivuka mpaka na simu yake, akapokea bila kutozwa na akapiga kwa bei ya wenyeji. Kisha mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuondoa malipo ya kupokea simu ugenini na kuweka kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika ya kupiga miongoni mwao. Nchi yetu haikuwamo katika waanzilishi hao. Na mpango wenyewe ulianza na maongezi, wakati leo mzigo mkubwa wa mtumiaji ni intaneti.

Wazungu walitufuata nyuma. Tangu tarehe 15 Juni, 2017, Mjerumani mwenye nyumba ya likizo Hispania hutumia huko kifurushi chake cha Ujerumani bila nyongeza. Haikuwa huruma ya kampuni. Simu ikiwa ugenini hudandia minara ya kampuni ya pale, na kampuni hiyo huitoza kampuni ya kwao mteja. Hayo ndiyo malipo ya jumla ambayo mteja hayaoni, na bei yake hupandia hapo. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha malipo hayo na kukishusha mwaka hadi mwaka. Mwaka 2022 sheria hiyo iliongezewa muda hadi mwaka 2032. Nao hawakuwa wajinga: mtu akikaa ugenini zaidi kuliko kwao katika kipindi cha miezi 4, na akatumia simu huko zaidi, kampuni yaweza kumhoji na kumtoza nyongeza.

Waingereza ndio fundisho kubwa zaidi. Walipokuwa ndani ya Umoja huo walitumia simu zao Hispania bila nyongeza. Walipotoka, baadhi ya kampuni kubwa za kwao zilirudisha malipo ya kila siku kuanzia mwaka 2022. Minara ilikuwa ile ile na simu zile zile. Kilichoondoka ni sheria tu. Basi nani atatuambia tena kuwa tatizo ni mitambo?

Kampuni zitajibu kwamba zikiruhusu hivyo, watu watanunua laini kwenye nchi yenye bei ndogo na kuzitumia mwaka mzima kwenye nchi yenye bei kubwa. Hoja hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kuweka ukomo wa siku kama walivyofanya wenzetu. Watasema pia kuwa namba si nyingi, na laini zilizolala lazima zichukuliwe. Nalo nakubali. Lakini atakaye kutunza namba yake apewe njia ya kuilipia, badala ya kuiona inazikwa kimya kimya.

Kwa hiyo ningependa kutoa ushauri ufuatao kwa wahusika, hasa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na wenzao wa Kenya:

(a) Kupokea simu kusitozwe popote ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Habari ya msiba isiwe na ushuru.

(b) Malipo baina ya kampuni yawekewe kikomo, ya intaneti pamoja na ya maongezi, na mteja apewe siku kadhaa kwa mwaka za kutumia kifurushi chake cha nyumbani.

(c) Iwepo laini ya kulala. Mteja alipe ada ndogo mara moja kwa mwaka, namba yake isiguswe, na aiamshe siku anapofika.

(d) Kabla ya namba kufungwa, mwenyewe apelekewe taarifa kwenye namba yake ya nyumbani. Alipoisajili alitoa pasi yake. Haishindikani kumwandikia pia namba ya pili.

(e) Intaneti ya nyumbani iuzwe kwa wiki kwa anayetaka, kama vile maji ya mkokoteni yanavyouzwa kwa dumu.

Wakati tukingoja, nawaeleza wasomaji wenzangu tunavyofanya sisi sasa. Kabla ya kufika mpakani kila mtu huzima data, na huchagua mtandao mwenyewe, maana ukikaribia Horohoro simu huweza kushika mnara wa upande wa pili na wewe bado uko Tanzania. Laini yangu mpya ya Kenya inakaa kwa mtunzaji, katika kisimu cha bei ndogo. Kila mwezi huiwekea salio kidogo na kunipigia, hivyo haifi. Ni mtu ninayemwamini, kwa sababu laini iko kwa jina langu, wala siachi fedha ndani yake. Tukifika tunanunua bando moja kubwa la Kenya na kuligawa nyumba nzima kutoka simu moja, badala ya kila mtoto kununua lake. Na jamaa wa Tanga hawana tena namba yangu peke yake. Wanayo ya mtunzaji, ya jirani wa Msambweni na ya imamu wa msikiti wa mtaani.

Hiyo namba ya imamu ndiyo ninayoitegemea kuliko zote, na kwa mtu aliyefanya kazi ya simu ni aibu kusema hivyo. Nilifika Tanga Jumatatu mchana, nikaenda kaburini peke yangu. Udongo ulikuwa umekwisha kukauka.

Viongozi wetu hutuambia kila mara kwamba wananchi wa Afrika Mashariki ni wamoja. Sisi tuliogawanywa na mpaka hatuhitaji kuambiwa, tunajua. Tunaomba tu simu zetu nazo zijue.



Mwenye Nyumba Asiye Mkazi,
Tanga.