Kabla ya Dawa, Udongo

Anayejenga nyumba Pangani, pwani, na anayejenga Amani, milimani Usambara, hununua dawa ileile ya mchwa. Kabla ya kumwaga jamvi, fundi huichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, akanyunyizia msingi mzima. Miaka michache baadaye mchwa wamepanda ukutani, na lawama zinamwangukia fundi au muuza duka. Makala haya yanasema udongo nao uulizwe.

Zamani hatukuhitaji kuuliza. Dawa za dieldrini na klordeni zilikaa ardhini miaka mingi, udongo uwe wowote, na ndiyo sababu Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulizipiga marufuku: zilikaa pia miilini mwetu. Dawa zilizochukua nafasi yake hutegemea sana mahali zinapomwagwa. Bifentrini karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji, hung'ang'ania chembe za mfinyanzi na mboji. Katika udongo mwekundu wa miteremko ya Usambara dawa inaweza kuwa ipo tele na bado mchwa apite juu yake bila kupata sumu ya kutosha. Mchanga wa pwani hauishiki hivyo, na mchwa hufa kwa kiasi kidogo. Ila imidaklopridi, inayoyeyuka kwa urahisi, husombwa na mvua za masika kwenda chini, na pwani visima vingi ni vifupi. Dawa inayolinda boriti huku ikiingia kwenye maji ya kunywa haistahili kuitwa kinga. Penye chokaa, kama upande wa Amboni, kuna tatizo jingine: klorpirifosi huvunjika haraka zaidi kwenye alkali.

Mchwa wenyewe hawakai kungoja. Huleta udongo safi kutoka chini na kujenga njia zao juu ya ule wenye sumu. Mtaro mmoja wa bomba uliochimbwa baada ya kunyunyizia unatosha kuwafungulia mlango.

Muheza tuna kituo cha utafiti cha Mlingano, kinachojua udongo wa nchi hii kwa undani. Arusha kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, inayosajili dawa. Tunaziomba taasisi hizi mbili zikae pamoja, ili kila lebo ya dawa ya mchwa iseme kipimo cha udongo wa kichanga na kipimo cha udongo wa mfinyanzi, na umbali wa kuacha kutoka kisimani. Nawe msomaji unayejenga, usimruhusu fundi afungue chupa kabla hajaushika udongo wa kiwanja chako.