Simu Mpya na Kina Kilichopotea

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, mwezi Juni, baridi ya Songea ilipokaza, nilikiaga kitochi changu cha miaka mingi nikanunua simu janja. Sina nia ya kuilaumu. Kioo chake ni kipana, kamusi naibeba mfukoni, na diwani nzima naweza kuisoma nikiwa kitandani. Hata hivyo, wiki ya kwanza tu ilinitia aibu.

Nina mzee wangu mmoja aliyeko Tunduru, ambaye kwa muda mrefu tumekuwa tukijibizana kwa mashairi. Baada ya shikamoo, nilimtumia ubeti ulioanza hivi: "Panda Matogoro nami, tuyatazame mawingu." Mizani nane kwa nane, kina cha kati mi, cha mwisho ngu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, guni hili umelitoa wapi?" Nilipousoma upya niliona "nami" imegeuzwa kuwa "name". Simu ilikuwa imepangwa kwa Kiingereza, ikadhani nimekosea, ikanisahihisha bila kuniuliza. Mizani ilibaki, kina kikafa.

Hapo nilikikumbuka kitochi. Ujumbe mmoja ulibeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Mstari ule wa Matogoro una 39. Mistari minne ya kiasi hicho, pamoja na nafasi tatu za kuitenganisha, ni 159. Ubeti ukizidi, unalipia ujumbe wa pili. Kwa hiyo nililipima kila neno, na kwa kuwa herufi moja iliweza kudai kitufe kibonyezwe mara tatu, nilipata wasaa wa kujiuliza kama neno lenyewe lilistahili.

Simu mpya hunitangulia: kabla sijamaliza neno, imekwisha kunipangia mengine nichague. Hapo ndipo penye hatari. Neno linaloletwa kwanza aghalabu ni lile lililozoeleka, ilhali kazi ya mshairi mara nyingi ni kulipita hilo akatafute linalofaa zaidi. Tukizoea kupokea tunachopewa, mashairi yetu yatafanana kama matofali ya kalibu moja.

Wapo watakaosema turudi kwenye karatasi. Mimi sikubaliani nao. Nimeingia kwenye mipangilio, nikaongeza Kiswahili katika kibodi, nikazima usahihishaji ule wa kujifanyia, na maneno yetu ya kishairi nikayaingiza moja moja katika kamusi ya simu. Kazi hiyo haikumaliza hata nusu saa. Nawasihi nanyi mfanye hivyo, kwani chombo hakiwezi kuiheshimu lugha ambayo wenyewe hatujakifunza.

Mzee wangu nimemtumia ubeti ule upya. Safari hii nimeuhesabu kwa vidole kabla ya kuutuma.