Maumivu ya Wasichana Siku za Hedhi

Mwezi huu twataka kunena neno ambalo nyumbani hunenwa kwa kunong'ona, tena na akina mama peke yao. Akina baba na waalimu wasifunue ukurasa mwingine.

Zamani tulikuwa na msichana darasani ambaye kila mwezi, siku moja au mbili, aliinama juu ya meza asijibu neno. Tukamwita mvivu, tukamfagilisha uwanja. Mama yake ndiye aliyekuja kutueleza kisa chake, nasi twaona haya hata leo.

Maumivu hayo si uvivu. Hedhi ikifika, tumbo la uzazi hufanya vitu viitwavyo prostaglandini, navyo huikaza misuli yake ili damu itoke. Vikizidi, misuli hukaza mno, ndipo huja maumivu, na pengine kutapika. Ibuprofeni hupunguza vitu hivyo, lakini haimfai mwenye vidonda vya tumbo.

Wako watuulizao habari za vitamini D. Mwaka 2012 waganga wa Messina, katika nchi ya Italia, walitangaza jaribio lao. Walichagua wanawake 40 wenye maumivu makali, ambao vitamini hiyo ilikuwa kidogo damuni mwao. Wanawake 20 walipewa yuniti 300,000 kwa mara moja, siku tano kabla ya hedhi. 20 wengine walipewa kitu kisicho na dawa, wala hawakujua. Katika miezi miwili iliyofuata, wale wa kwanza walipata nafuu kubwa, wala hapana hata mmoja wao aliyetumia dawa ya kutuliza maumivu. Katika wale wengine wako walioitumia.

Habari njema, walakini na tuipime. Watu 40 ni wachache, na miezi miwili ni mifupi. Tena tazameni kipimo chenyewe! Msichana hutakiwa kupata yuniti kama 600 kwa siku. Kile ni mara 500, nao walikuwa chini ya macho ya waganga. Vitamini D hukaa mwilini siku nyingi. Ikizidi sana, kalsiamu huongezeka damuni, mtu hutapika, na mafigo huweza kuharibika. Basi mzazi asikimbilie dukani kununua vidonge na kukisia kipimo. Kwanza na aulize hospitali kama binti yake apungukiwa nayo. Jua juu ya ngozi, samaki wenye mafuta na kiini cha yai huileta pasipo hatari hiyo.

Maumivu yakizidi mwaka hata mwaka, au damu ikitoka nyingi kupita kawaida, mpelekeni kwa mganga upesi, maana huenda pana ugonjwa mwingine. Kwa maumivu ya kawaida, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ikiwekwa juu ya tumbo, husaidia kweli.

Shuleni kwetu sasa pana mkeka katika chumba cha mwalimu wa kike. Msichana aumwaye huenda kulala, wala haulizwi neno mbele ya wavulana.