BUNDUKI SI MLEZI WA MTOTO



Kila zinapotufikia habari za shule kushambuliwa, husikika miongoni mwetu sauti isemayo: "Nasi tuweke mlinzi mwenye bunduki getini." Asemaye hivyo ni mzazi mwenye hofu, wala hofu yake si ya kubezwa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, nchini Kenya. Juni 2023 wanafunzi zaidi ya 30 waliuawa usiku katika shule ya Mpondwe, magharibi mwa Uganda. Hata hivyo twauliza: tangu lini bunduki ikawa mlezi?

Wazee wetu hawakuipa heshima hiyo. Babu mwenye gobole alilitumia kuwinda na kufukuza nguruwe mwitu shambani. Alilitundika juu, mbali na mkono wa mtoto, na baruti akaiweka kando. Mtoto alijua kwamba kile ni chombo cha kazi, tena cha kuogopwa.

Baba zetu waliitazama kwa jicho lingine. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963, na baadaye vijana waliomaliza masomo walilazimika kulipitia. Katika shule nyingi watoto walicheza gwaride na bunduki za mbao. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vikathibitisha fundisho lile: silaha ni ya taifa, hubebwa kwa kiapo na chini ya amri. Tunawashukuru waliotulinda. Lakini tukiri kosa letu: tulimzoesha mtoto mdogo kuiona silaha kuwa pambo la sherehe, bila kumwambia kwamba inaua.

Na leo je? Mtoto huiona bunduki katika filamu na michezo ya simu, ambamo aliyeuawa huinuka tena, na muuaji hupewa alama. Sikukuu zikikaribia, sisi wenyewe humnunulia bastola ya plastiki, kisha tukacheka anapomlenga dada yake. Hofu ya babu imetoweka, kiapo cha baba kimetoweka, umebaki mchezo.

Ndipo tunataka kuileta bunduki ya kweli getini! Garissa walikuwapo walinzi langoni, nao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Hatusemi kwamba polisi hawana kazi. Kulinda raia ni wajibu wa serikali. Tunachokataa ni kumfundisha mtoto, kila asubuhi apitapo mbele ya mtutu, kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Fundisho hilo hilo hulipata kwa mwalimu achapaye kwa hasira, na kwa baba ampigaye mama mbele yake.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, aliye na silaha isiyo na leseni, hata gobole la urithi, aisalimishe polisi, kama sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 inavyotaka silaha zote zimilikiwe kwa kibali. Pili, kamati za shule, kabla ya kuchangisha fedha za mlinzi, zihakikishe kwamba kila shule ina mwalimu ambaye mtoto aliyeonewa aweza kumwendea bila woga. Tatu, wazazi tuache kununua silaha za kuchezea.

Nabii Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Wanyiha wa zamani, waliosifika kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe, wangemwelewa upesi. Je, sisi wajukuu wao tutamwelewa?

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo:
1. Watoto wetu hujifunza wapi kwamba nguvu humaliza ugomvi?
2. Katika shule yetu, mtoto aliyeonewa humwendea nani?
3. Jumuiya yetu itafanya nini kabla ya Krismasi ijayo?