Mchezo wa Sikio

Wako watu wazima, msomaji, ambao wakimwona kijana mbele ya mchezo wa video hunena papo hapo kuwa akili yake inapotea. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Hawajauona mchezo uitwao 140, uliobuniwa na Jeppe Carlsen wa Denmark, muziki ukatungwa na Jakob Schmid, ukatolewa mwaka 2013.

Jina lake ni hesabu ya mapigo ya muziki kwa dakika moja. Mchezaji ni umbo tu: akitulia ni mraba, akienda ni duara, akiruka ni pembetatu. Vipande vya kukanyagia huja na kuondoka kwa kufuata mapigo hayo. Anayetegemea macho peke yake huchelewa, akaanguka. Mimi nami nilianguka mara nyingi, kwa kiburi cha macho, mpaka nilipokubali kusikiliza. Wapi mcheza ngoma aliyejifunza kwa kutazama miguu yake?

Husemwa kuwa muziki wa michezo hii ni pambo. Katika huu muziki ndio sheria. Anayebisha na auzime sauti, kisha ajaribu kuvuka.