Kinyonga wa pembe tatu anahitaji wavu, si kioo

Mwandishi mmoja anapendekeza tangi la kioo kwa kinyonga wa pembe tatu, nami napinga kwa sababu ya asili ya mnyama mwenyewe. Huyu ni mzaliwa wa nyanda za juu, kama miteremko ya Mlima Kenya na Mlima Meru, ambako mchana kuna jua, usiku kuna baridi, na hewa haitulii. Ndani ya kioo kisicho na matundu ya kutosha joto la taa hujikusanya, unyevu hutuama, na maradhi ya mapafu hayakawii. Fremu ya mbao iliyozungushiwa wavu laini, yenye kimo kikubwa kuliko upana, humpa hewa na mahali pa kupanda. Anaishi mitini, hivyo ukubwa wa sakafu haumsaidii sana.

Watasema wavu hukausha. Ni kweli, hasa Ulaya ambako nyumba hupashwa joto wakati wa baridi, lakini dawa yake ni mimea hai. Isale na haibiskasi zikipandwa kwa wingi vyunguni hutoa unyevu, humficha, na majani yake hushika matone kila yanaponyunyiziwa maji. Matone hayo ndiyo kinywaji chake, maana maji yaliyotulia bakulini kwa kawaida hata hayatambui. Pande mbili za wavu pia zinaweza kuzibwa kwa nailoni ili unyevu usipotee haraka. Tena, mionzi ya jua inayomwezesha kutumia kalsiamu haipenyi kioo cha kawaida, kwa hiyo tangi likiwekwa dirishani humchoma kwa joto bila kumpa faida hiyo.