Tusinunue Kompyuta Mpya

Chama chetu cha muziki chawaomba wazazi wachange fedha za kompyuta mpya, kwa kuwa nyimbo mbili zikiunganishwa, mapigo ya ngoma hugongana. Mimi napinga. Wimbo mmoja ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, na wa pili 121, baada ya dakika moja tu zitaachana pigo zima. Tena nyimbo za dansi za miaka ya 1960 zilipigwa na watu. Mwendo wake hupanda na kushuka, lakini programu yetu huzitia alama kwa nafasi sawa tangu mwanzo hata mwisho. Kompyuta mpya, programu ile ile! Wenzangu, tafuteni pigo la kwanza kwa sikio, sahihisheni alama kwa mkono, kisha pimeni tena katikati ya wimbo. Fedha zikipatikana, jezi za mpira zimechakaa.